Injini ya ndege uliyojijengea ikikataa kuwaka: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu ya cheche

Fundi wa pikipiki wa Katuba au wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ana kipimo kimoja cha moto, na anakimaliza kabla hujakaa chini. Anachomoa buji (plagi ya cheche), anaigusisha kwenye kichwa cha injini, kijana anapiga kiki, kacheche ka bluu kanaruka. "Yaya, moto iko. Tafuta kwenye esansi (petroli)." Kwa pikipiki mara nyingi yuko sahihi. Kwa injini ya ndege kipimo hicho kimewapotezea watu wikendi nzima, kwa sababu cheche iliyoruka hewani haijaahidi kwamba itaruka ndani ya silinda.

Sababu ni hewa yenyewe. Kadiri hewa iliyo kwenye mwanya wa buji inavyobanwa, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika kuuruka. Pistoni ikipanda, hewa inabanwa mara kadhaa, na buji iliyoridhika na volti elfu mbili mkononi mwako sasa inadai zaidi ya elfu kumi. Umeme ukishindwa kupita kwenye mwanya unatafuta njia nyepesi: ufa kwenye kauri, ganda la waya lililochoka, masizi yaliyoganda kwenye ncha ya buji. Tena Lubumbashi iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo cheche ya mkononi inaruka hapa kwa urahisi kuliko pwani, na kipimo cha fundi wa pikipiki kinadanganya zaidi. Goma na Bukavu, zilizo juu zaidi yetu, ni hivyohivyo.

Ninaandika kwa wenye ndege ndogo za kujijengea: yenye injini ya Continental au Lycoming na magneto mbili (mashine ndogo za kuzalisha umeme wa cheche), yenye Rotax 912, yenye Rotax ndogo ya mchanganyiko wa mafuta (two-stroke) kama 503 au 582, na ile yenye injini ya Volkswagen ya Kobe (Beetle). Vifaa vinatofautiana, lakini njia ya kutafuta ni moja. Pima kwanza, nunua baadaye. Magneto au moduli (kisanduku cha elektroniki cha cheche) haiuzwi kwenye duka la piesi (vipuri) la hapa. Inaagizwa Afrika Kusini au Ulaya, inasubiriwa, inalipiwa forodha. Ukiagiza kwa kubahatisha, wiki kadhaa baadaye utafunga piesi mpya na injini itakohoa vilevile. Kila hatua hapa chini ina kazi ya kuwaondoa nusu ya washukiwa.

Kitabu cha injini yako kina kauli ya mwisho juu ya namba zozote ninazozitaja. Na kazi yoyote ya kufungua magneto au kubadilisha taimingi (wakati wa cheche kuruka) ikaguliwe na fundi mwenye leseni inayotambuliwa na Autorité de l'Aviation Civile, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kongo, kabla ndege haijaondoka ardhini.

Propela kwanza

Magneto haihitaji betri. Ina sumaku yake, inazalisha umeme wake, na kitu pekee kinachoizima ni waya mmoja mwembamba, waya wa kuzimia, unaoiunganisha na masi, yaani chuma cha injini, pale unapogeuza ufunguo. Waya huo ukikatika, ufunguo uko mfukoni mwako lakini magneto iko hai. Propela ikisukumwa robo mzunguko na mtu anayeipangusa vumbi, injini inaweza kupiga.

Kwa hiyo, kabla ya mkono wowote kupita mbele ya ndege: ufunguo utoke na ukae kwako, bomba la mafuta lifungwe, mkono wa gesi urudishwe mwisho, kabari ziwekwe magurudumuni, mkia ufungwe kamba kwenye kitu kisichong'oka. Ukitaka kuizungusha propela kwa mkono wakati wa kupima, chomoa waya za buji zote kwanza, au toa buji moja kila silinda ili kusiwe na mgandamizo. Watoto na watazamaji wakae nyuma ya bawa. Hapa kwetu ndege ndogo ikifunguliwa kifuniko, mtaa mzima unakuja kuangalia, na hilo si la kuchukulia kwa mzaha.

Je, kweli ni cheche?

Ndege nyingi zina mifumo miwili ya cheche isiyotegemeana, na huo ndio msaada wako mkubwa wa utafutaji. Mifumo miwili haifi siku moja isipokuwa kuna kitu wanachoshirikiana. Injini ikitetemeka ufunguo ukiwa kushoto, kulia na pande zote mbili, usianze na cheche. Anza na mafuta, hewa, kabureta na vali.

Mafuta ya hapa yanastahili kushukiwa mapema. Petroli ya kadhafi, yaani muuza petroli wa barabarani, huenda ilipita kwenye kidumu kilichobeba mazuti (dizeli) au mafuta ya taa. Dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe, uiache kivulini. Petroli safi inakauka bila kuacha kitu; ikibaki duara yenye mafuta, mwaga tangi. Kwa sehemu hii sina huruma: mafuta yasiyojulikana yalikotoka hayaingii kwenye ndege, hata foleni ya kituo iwe ndefu vipi.

Injini isiyowaka kabisa ina maswali mengine. Buji zikitoka zimelowa petroli, mafuta yanafika na cheche inashukiwa. Zikitoka kavu baada ya kuzungusha kwa muda, tafuta kwenye mafuta. Zikinuka petroli na zimejaa masizi meusi, huenda umetumia choki kupita kiasi. Zikaushe, subiri, jaribu tena gesi ikiwa wazi kidogo.

Kusoma kushuka kwa mizunguko

Injini ikiwaka, ipashe moto, ipandishe hadi mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu, kisha zima upande mmoja, urudishe zote mbili, zima wa pili. Cessna 150 yenye Continental O-200, kwa mfano, inapimwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika: kila magneto ikiwa peke yake isishushe zaidi ya 150, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 75. Rotax 912 inapimwa kwenye 4,000. Kushuka kusizidi 300, na tofauti isizidi takriban 115.

Namba peke yake haitoshi, sikiliza ilivyoshuka. Ikishuka ghafla huku injini inatikisika, kuna silinda isiyopata cheche: tazama buji na waya. Ikishuka polepole, nyingi kuliko kawaida, lakini injini inabaki laini, fikiria taimingi iliyochelewa au mchanganyiko mbaya. Ikizimika kabisa upande mmoja, upande huo umekufa wote: waya wa kuzimia, swichi, au magneto yenyewe.

Hali ya nne inawafurahisha watu isivyostahili: mizunguko haishuki hata kidogo. Injini nzuri inashuka kidogo, kwa kuwa buji moja inachoma mchanganyiko taratibu kuliko mbili. Isiposhuka, kuna uwezekano kwamba magneto uliyodhani umeizima haikuzimika. Punguza gesi hadi mwisho, injini ikizunguka polepole, geuza ufunguo hadi OFF kwa nukta (sekunde) moja na uurudishe. Injini ianze kufa. Isipoanza kufa, una magneto hai, na ndege hiyo isiguswe propela na mtu yeyote mpaka umalize sehemu ya waya wa kuzimia.

Kumtafuta aliye baridi

Umejua upande wenye shida ni, tuseme, wa kulia. Sasa unataka kujua silinda. Acha injini ipoe kabisa. Iwashe, weka ufunguo kwenye upande mbovu, iendeshe kama dakika moja kwenye mizunguko ambayo mtetemo unasikika, kisha izime ukiwa bado kwenye upande huohuo. Ukirudisha pande zote mbili kabla ya kuzima, silinda zote zitapata moto na ushahidi utapotea.

Ufunguo ukishatoka, pima kila bomba la eksozi karibu na kichwa cha silinda kwa kipimajoto cha infraredi, kinachopima bila kugusa. Huna? Dondosha maji tone moja moja. Bomba lenye moto litachemsha na kukausha tone. Lile lililobaki kimya ndilo la silinda isiyowaka kwa upande huo. Kama ndege yako ina geji ya joto la eksozi kwa kila silinda, kazi ni nyepesi zaidi. Ukibaki na magneto moja, joto la silinda zote linapaswa kupanda, kwa kuwa mchanganyiko unaendelea kuungua hadi vali inapofunguka. Silinda ambayo joto lake linaporomoka badala ya kupanda, hiyo ndiyo.

Silinda moja baridi inamaanisha buji yake au waya wake. Silinda zote za upande huo zikiwa baridi, ruka buji, nenda kwenye waya wa kuzimia.

Buji

Kabla ya kufungua, safisha shimo la buji kwa upepo. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua za kwanza, linajaa kila kona ya injini, na kijiko kimoja kikidondoka kwenye silinda kinakwangua kuta zake. Umeme ukiwa umekatika na kompresa haifanyi kazi, pampu ya baiskeli inatosha.

Zipange buji kwenye ubao kwa namba za silinda, za juu na za chini, kisha zisome. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta ya injini, hasa za chini, ni pete au vali zinazopitisha mafuta. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayopaswa kukutisha kuliko zote. Vijipunje vya kijivu vigumu ni risasi iliyo kwenye petroli ya ndege. Mwenye petroli ya gari hatavikuta.

Weusi ni ugonjwa wa mwinuko wetu. Oktoba, joto likifika nyuzi 32 Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, injini inapumua hewa kama iliyo mita 2,200 hivi, na kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi mno. Mwenye Lycoming au Continental apunguze mchanganyiko hata akiwa ardhini. Kabureta za Rotax 912 hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko. Za 503 na 582 hazijirekebishi, zinahitaji jeti (kitundu kinachopitisha petroli) inayolingana na jedwali la mtengenezaji. Usipunguze jeti kwa kukisia: injini ya mchanganyiko wa mafuta ikikosa petroli inakwama angani.

Kisha multimita. Buji za Champion za ndege zina kizuizi ndani. Pima kutoka kiunganishi cha ndani hadi ncha ya katikati. Zaidi ya omu 5,000, itupe hata kama inaonekana mpya. Buji za NGK zenye R kwenye jina, kama DCPR7E ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 80 na DCPR8E ya ile ya nguvu za farasi 100, zinapaswa kuonyesha maelfu kadhaa ya omu. B8ES ya 503 na 582 haina kizuizi, kwa hiyo itaonyesha karibu sifuri. Kipimo hiki kinafichua pia buji bandia, ambazo masoko ya piesi za pikipiki yamejaa. DCPR8E inayoonyesha sifuri haikutoka mahali ilipoandikwa.

Mwanya wa buji kubwa za ndege huwa kati ya milimita 0.4 na 0.53; wa B8ES kwenye Rotax ni 0.4 hadi 0.5. Kaza kwa spana ya kipimo, injini ikiwa baridi: Lycoming hutaka futi-pauni 35, Rotax 912 nyutoni-mita 20. Buji iliyodondoka sakafuni usiirudishe, kauri hupasuka ndani bila kuonekana.

Baada ya kusafisha, hamisha buji ya silinda baridi iende silinda nyingine, na ya huko ije hapa. Usibadilishe kitu kingine chochote. Rudia kipimo cha baridi. Baridi ikihama na buji, umepata. Ikibaki palepale, buji haina kosa. Nenda kwenye waya.

Waya wa kuzimia na swichi

Hapa nitakaa, kwa sababu hitilafu nyingi za ndege zilizojengwa nyumbani ninazoziona zinazaliwa hapa, si kwenye magneto. Mjenzi alifunga kila kitu mwenyewe, kwa waya aliopata, na mwisho wa waya huo mwembamba unatikisika kila nukta ambayo injini inazunguka.

Kumbuka kazi yake imepinduka. Waya wa taa ukikatika, taa inazimika. Waya huu ukikatika, magneto haizimiki. Ukigusa chuma, magneto inakufa. Kwa hiyo magneto iliyokufa ghafla na magneto isiyozimika ni watoto wa waya mmoja.

Fanya hivi, buji zote zikiwa zimechomolewa waya:

1. Chomoa waya wa kuzimia kwenye magneto. Kuanzia sasa magneto hiyo ihesabu iko hai, ufunguo uwe popote.
2. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye mwisho wa waya uliouchomoa, nyingine kwenye chuma safi cha injini.
3. Ufunguo ukiwa OFF, isome karibu na sifuri. Ukiwa kwenye upande wa magneto hiyo au BOTH (pande zote mbili), isome njia iliyokatika kabisa.
4. Ukiwa BOTH na bado inaonyesha sifuri, waya umegusa chuma mahali fulani, au swichi imeungana ndani. Chomoa upande wa swichi pia: sifuri ikibaki, ni waya, ikitoweka, ni swichi.
5. Ukiwa OFF na inaonyesha njia iliyokatika, waya umekatika, au swichi yenyewe haifiki masi. Hiyo ndiyo ndege inayoweza kumkata mtu.
6. Rudia hatua ya 3 huku msaidizi akiuvuta na kuutikisa waya sentimita kwa sentimita, hasa unapopita ukuta wa moto (bati linalotenga injini na rubani) na unapoingia kwenye magneto.

Waya wenye ngao ya nyuzi nje una ugonjwa wake: unywele mmoja wa ngao unaotoroka na kugusa skrubu ya katikati. Hauonekani bila miwani ya kusomea na tochi. Kata, vua upya, funika kwa mpira unaonywea kwa joto.

Kuna jaribio la haraka kwa upande uliokufa kabisa. Chomoa waya wa kuzimia kwenye magneto, ufunge usiguse chochote, rudisha waya za buji, washa injini ikiwa imefungwa vizuri. Magneto ikifufuka, waya au swichi ndiyo yenye kosa na umejiokolea gharama ya magneto. Utakapomaliza, injini hiyo haitazimika kwa ufunguo. Funga mafuta ife yenyewe, kisha rudisha waya kabla ya kufanya lolote.

Waya za buji

Multimita inakuambia kama waya umekatika. Haikuambii kama unavuja chini ya volti elfu kumi. Kwa hilo kuna kipimio chake, na ukipata wa kukuazima, azima. Vinginevyo tumia macho: vua waya wote, ukague mahali unapogusa kitu chenye joto au kona kali, na utazame ndani ya kiunganishi kama kuna mstari mwembamba mweusi kama wa penseli. Umeme ulipita hapo, na utapita tena kila siku. Usijaribu kutafuta cheche za bluu usiku injini ikizunguka. Propela haionekani gizani.

Mvua za Novemba zikianza, unyevu unaingia kwenye vifuniko hivi, na injini iliyokuwa safi kiangazi chote inaanza kusumbua asubuhi. Pangusa kwa spiriti, acha ikauke, na usiguse kauri ya ndani kwa vidole vyenye jasho.

Magneto yenyewe

Umefika hapa tu kama buji, waya zake na waya wa kuzimia vimepita.

Sikiliza kwanza. Magneto moja au zote mbili zina kifaa cha springi kinachoishikilia sumaku, kisha kuifyatua kwa nguvu pistoni ikiwa karibu na juu, ili injini iwake hata ikizungushwa polepole. Zungusha propela taratibu, buji zikiwa zimetolewa, na utasikia "tak" kila mara. Kimya kinamaanisha kifaa kimekwama kwa grisi kavu au kutu, na injini itakataa kuwaka, au mbaya zaidi, itapiga kinyume na kurusha propela nyuma.

Taimingi inafuata. Tafuta mgandamizo wa silinda namba 1 kwa kuziba tundu la buji na kidole gumba, peleka injini kwenye alama ya nyuzi zilizoandikwa kwenye kibao chake, ambazo kwa Lycoming O-320 nyingi ni 25 kabla ya juu kabisa. Ifikie alama kutoka upande mmoja siku zote, la sivyo ulegevu wa gia utakudanganya, na uhakikishe springi imeshafyatuka. Wakati huo platini (ncha mbili zinazokata na kuunganisha umeme ndani ya magneto) ndipo zinapaswa kuanza kufunguka. Multimita ya kawaida haitakuonyesha hilo vizuri, kwa kuwa bobini (koili) ya kwanza, yenye omu moja au pungufu, iko sambamba na platini. Unahitaji kile kisanduku kinachotoa mlio kinachotengenezwa kwa kazi hiyo. Legeza boliti, zungusha magneto hadi kisanduku kibadili sauti, kaza, rudia kutoka mwanzo.

Kibao kinachosukuma platini kikilika, zinafunguka kwa kuchelewa. Nyuso za platini zikilika, zinafunguka mapema. Platini zilizochomeka na kuchimbika zinasema kondensa imechoka. Mafuta ndani ya magneto yanasema sili imepasuka. Usizikwangue platini kwa msasa kama za gari. Na magneto za Slick na Bendix zinatakiwa kufunguliwa na kukaguliwa kila saa 500. Kama zako zilinunuliwa kwenye ndege iliyovunjwa na hazina karatasi, zihesabu zimeshafika.

Hitilafu inayochosha kuliko zote ni ya bobini inayokufa ikipata moto. Asubuhi kila kipimo kinapita, nusu saa hewani upande mmoja unaondoka, ukitua na kunywa chai unarudi. Pima omu za bobini ya pili ikiwa baridi, zinazopaswa kuwa kumi na kitu elfu, kisha ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni na upime tena. Namba ikipanda kidogo ni kawaida. Ikiruka au kutoweka, bobini hiyo imekwisha.

Rotax

Rotax 912 haina magneto ya zamani. Ina bobini za ndani zinazozalisha umeme na moduli mbili za Ducati, A na B. Moduli hazitoi cheche mpaka krenki ifikishe mizunguko 220 kwa dakika, ambayo kwenye propela ni kama 90. Asubuhi ya Juni mafuta ya injini ni mazito, na kama umeme ulikatika usiku betri haikujaa. Demareri (stata) inazungusha, lakini chini ya kiwango hicho, na mtu anaanza kufungua moduli. Pima volti za betri demareri ikiwa inazungusha. Zikizama chini ya 10, tatizo lako liko kwenye betri au nyaya zake nene.

Moduli huzimwa kwa kugusishwa masi, kama magneto, kwa hiyo chomoa waya wa kuzimia wa upande uliokufa kwanza. Upande ukibaki umekufa, badilishana viunganishi vyote vya moduli A na B. Kifo kikihamia upande wa pili, moduli imekufa. Kikibaki, tazama bobini za ndani na vihisio vyake. Upande A unawasha buji za juu za silinda 1 na 2 na za chini za 3 na 4. B kinyume chake. Bobini moja inalisha buji mbili, kwa hiyo buji mbili za bobini moja zikifa pamoja, ni bobini; ikifa moja, ni waya au kofia ya buji.

Wakati wa kuangalia cheche kwenye mifumo hii, buji lazima iguse masi kwa uhakika. Ukiacha waya unaning'inia na kuzungusha injini, umeme usio na pa kwenda unaweza kuua moduli nzima.

Yanayohusu 503 na 582 zenye mifumo miwili ni karibu hayohayo. 503 za zamani zina platini, na hizo fundi yeyote mzee wa hapa anazijua.

Kobe na mifumo ya betri

Injini ya Volkswagen yenye delko (kigawa cheche) ni ya kupendeza kwa sababu piesi zake zinapatikana. Mwanya wa platini ni milimita 0.4. Lakini ikiwa cheche yote inatoka kwenye betri moja, una mfumo mmoja tu uliovaa nguo za miwili, na lazima uukague hivyo: vituo vya betri, fyuzi, swichi kuu, na zaidi ya vyote waya wa masi kati ya injini na fremu. Injini imekaa juu ya mipira. Bila waya huo, umeme unarudi kupitia kebo ya gesi.

Kabla ya kuondoka Luano

Rudisha kifuniko cha injini, kwa sababu joto la ndani yake ndilo linaloamsha bobini mbovu. Iendeshe ardhini angalau robo saa. Pima pande mbili injini ikiwa baridi, pima tena ikiwa imepata moto, na umalize kwa jaribio la OFF kwenye mizunguko ya chini. Safari ya kwanza iwe mzunguko juu ya uwanja, baada ya kukubaliana na mnara, kwa urefu unaoweza kuuteremka bila injini.

Kisha fungua kitabu cha injini na uandike kilichobadilishwa, kushuka kwa kushoto, kushuka kwa kulia, joto la nje na saa za injini. Andika hivyo kila baada ya ukaguzi, hata kama hakuna tatizo. Upande mmoja ukianza kushuka zaidi kuliko ulivyoandika mwezi uliopita, toa buji za upande huo kabla ya kuruka tena.